Daktari wa Usingizi Ajifunza Kutia Hofu

Wagonjwa wa Daktari Nekoye Wepukhulu hawakumkumbuka, na hilo halikuwa kosa lao. Alikuwa daktari wa dawa ya usingizi katika hospitali moja kubwa ya Kisumu, na mtu aliyelazwa kwenye meza ya upasuaji humwona daktari wa usingizi kwa kitambo kidogo tu, uso umefunikwa barakoa, kisha macho yakafumba. Akiamka, shukrani zote, na pengine kuku aliyefungwa miguu, humwendea aliyeshika kisu. Miaka nenda miaka rudi, Nekoye alipishana sokoni Kibuye na watu ambao pumzi zao zilipata kuwa mkononi mwake, nao wakampita kama wanavyompita yeyote anayenunua nyanya.

Hakuwa na kinyongo. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, binti wa Mwalimu Wepukhulu aliyefundisha Kiswahili mpaka chaki ikamwingia kwenye mistari ya viganja, naye alilelewa kuamini kwamba kazi nzuri haipigi kelele. Hakuolewa. Watu wa kwao waliuliza, wakauliza, mwishowe wakachoka, wakaanza kumtambulisha kwa wageni kama "yule wetu daktari," basi, kana kwamba hilo lilieleza yote.

Kulikuwa na Kahiga. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa Nyeri aliyehamia Kisumu akiwa kijana, akaoa, akazaa, akajenga. Yeye na Nekoye walifanya kazi pamoja karibu maisha yao yote ya udaktari, yeye upande huu wa kitambaa cha kijani akipasua na kushona, Nekoye upande wa pili kwenye kichwa cha mgonjwa. Walijuana kwa macho yaliyo juu ya barakoa. Kahiga akikunja kipaji, Nekoye alijua damu inatoka mahali isipotakiwa kutoka. Nekoye akiinua nyusi, Kahiga aliharakisha mkono. Na kazi ilipokwenda vizuri, wakati wa kushona, Kahiga alipiga mluzi, wimbo mmoja wa kanisani aliouharibu kwa namna yake mwenyewe. Zaidi ya hayo hapakuwa na neno baina yao, wala Nekoye hakulitafuta. Kuna mambo ambayo mtu huyajua na kuyaacha yalipo.

Nekoye alikuwa na tabia moja iliyowachekesha manesi. Mgonjwa akiletwa anatetemeka, macho yamemtoka pima, Nekoye alimwinamia sikioni na kumwanzia hadithi. "Paliondokea mtu mmoja akashuka kwenye feri pale Mbita, amebeba gunia begani, na gunia lile lilikuwa linacheza..." Mgonjwa akisikiliza, mabega yakalegea, dawa ikapanda, na hadithi ikakatika hapo hapo ilipofika. Nekoye hakuwahi kumaliza hata moja. Hakuona haja. Hadithi ilikuwa kama mkono wa kumshika mtu anapovuka mahali penye kiza.

Alikuwa ameshapita umri wa miaka hamsini siku alipomwambia Kahiga, wakinywa chai kwenye kile chumba chao cha kupumzikia, "Siku hizi umeacha kupiga mluzi. Umezeeka?"

Kahiga akaweka kikombe chini. "Napiga kila siku, Daktari."

Wakacheka, kila mmoja akidhani mwenzake anatania. Lakini Nekoye alirudi nyumbani na jambo lile limemkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Alikumbuka kwamba hata ndege wa alfajiri walikuwa wamenyamaza, na yeye akasema ni kwa sababu majirani wamekata miti. Alikumbuka baba yake, mwalimu aliyeishia kufundisha darasa lisilosikika, wanafunzi wakizungumza mgongoni mwake bila hata kushusha sauti.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Kahiga alikuwa anashona tumbo la mama mmoja kutoka Sondu, na Nekoye ameinama anarekebisha dripu, mara nesi Jentrix akamgusa bega.

"Daktari. Mashine inalia."

Akainua macho. Mashine ile ya kupimia hewa katika damu hulia kwa mlio mwembamba mambo yakiwa sawa, na hewa ikipungua mlio hushuka. Daktari wa usingizi huusikiliza hata akiwa anafanya jambo lingine, kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto huku anapika. Mlio ulikuwa umeshuka. Kengele ya hatari ilikuwa inapiga. Kila mtu mle ndani alikuwa ameisikia isipokuwa yeye. Mpira wa hewa ulikuwa umejipinda chini ya shuka. Akaunyoosha, hewa ikapanda, na yule mama akaamka salama na baadaye akarudi kwao Sondu bila kujua lolote.

Walipokuwa wananawa mikono, Nekoye aliuliza, "Jentrix, imelia kwa muda gani?"

"Si muda, Daktari. Kidogo tu."

Lakini Jentrix alilisema hilo akiangalia sabuni.

Alipanda gari hadi Eldoret kupimwa masikio, kwa kuwa Kisumu hapakuwa na daktari asiyemjua. Daktari wa huko, kijana mpole, alimwonyesha mchoro wa mstari uliokwenda vizuri, kisha ukaporomoka. Sauti nene angeendelea kuzisikia kwa miaka. Nyembamba zilikuwa zimeondoka, na nyingine zingefuata. Akampa vifaa vya kuvaa masikioni. Nekoye alivivaa kwenye chumba cha upasuaji siku mbili tatu. Vilikuza kila kitu sawasawa, mkwaruzo wa makasi, maji ya bomba, viatu vya Jentrix, hata asijue kipi ni mgonjwa na kipi ni chumba. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa akiisikia methali hiyo tangu utoto na hakufikiri kwamba ingemjia siku moja ikiwa haina fumbo lolote.

Akamwambia Kahiga kwanza, kabla ya wakubwa wa hospitali.

"Ongeza sauti ya mashine," Kahiga akasema.

"Nimeiongeza mpaka mwisho."

"Basi utaangalia skrini."

"Kahiga, macho yangu yako kwa mgonjwa. Siwezi kuwa na macho ya skrini na macho ya mtu kwa wakati mmoja. Wewe mwenyewe ungekubali nikulaze mimi?"

Kahiga aligeukia sinki, akafungua maji, akaanza kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa. Kisha akasema kitu, kirefu kidogo, ameinamia maji. Nekoye alisikia maji tu.

"Umesemaje?"

Akafunga bomba, akageuka. "Nimesema sawa, basi."

Hospitali ilimpa kazi ya kliniki, kuwaona watu wenye maumivu ya mgongo na ya viungo. Alijitahidi. Lakini mtu mwenye maumivu husema chini chini, tena hutazama sakafu, na Nekoye alichoka kusema "Ati?" na wao wakachoka kurudia. Mzee mmoja alimwuliza kwa adabu kama hakuna daktari mwingine. Mwisho wa mwaka akaandika barua ya kustaafu mapema. Wakamfanyia karamu ya soda na keki. Kulikuwa na hotuba. Wenzake walicheka mahali fulani, naye akacheka pamoja nao, hakujua ni nini.

Akahama nyumba yake ya Milimani, mjini, akapanga kijumba cha vyumba viwili kule Dunga, karibu na maji, kwa sababu alidhani ziwa ni kitu ambacho mtu anaweza kuishi nacho kwa kukitazama tu. Na kweli alilitazama. Aliyatazama magugu yakifunga ghuba yote ikawa kama shamba, kisha upepo ukageuka na asubuhi maji yakawa wazi. Alitazama mvua. Zamani mvua ya Kisumu ikipiga bati ilimnyamazisha mtu katikati ya sentensi. Sasa ilikuja kama kivuli cha ngoma inayochezwa mji wa mbali, akaijua kwa matone yanayoruka uani. Simu ikawa adui. Ndugu zake wa Kimilili walipiga, hawakuelewana, wakaanza kutuma ujumbe mfupi, na ujumbe nao ukawa mfupi zaidi kila mwezi. Kuna siku alizimaliza bila kutumia sauti yake hata mara moja, hadi jioni akajisemesha, "Nekoye, umekula?" ili ajue kama bado ipo.

Siku moja alikwenda Kibuye kununua bawaba ya mlango. Duka lilikuwa la mzee mmoja aitwaye Bildad, mfanyabiashara kutoka Mkoa wa Kati aliyeuza misumari pale tangu wengi wa wateja wake hawajazaliwa. Nekoye alipotaja anachotaka, mzee alisimama na bawaba mkononi, akamtazama mdomoni.

"Hiyo sauti naijua," akasema.

"Sidhani, Mzee."

"Naijua. Wewe ndiye ulinilaza, wakati walinitoa hernia. Uso sikuona, ulikuwa umefunika. Lakini sauti!" Akaegemea kaunta, akasema kwa nguvu, ndipo Nekoye akapata kila neno. "Nimekutafuta sana. Kuna mtu alishuka feri huko Mbita na gunia linacheza. Ndani kulikuwa na nini?"

Ilikuwa hadithi ya miaka mingi nyuma, na Nekoye alikuwa ameisimulia ili amtulize tu.

"Kusema kweli, Mzee, sijui."

"Hujui?" Bildad alionekana kuumia hasa. "Mimi nimekaa na hilo gunia miaka yote. Mke wangu nimemwambia. Yeye anasema ni mbuzi. Nikamwambia si mbuzi, mbuzi angelia. Nenda ufikirie, Daktari. Ukijua, uje uniambie."

Alirudi Dunga bila bawaba, kwa maana aliisahau kwenye kaunta. Akaketi mezani mbele ya dirisha, akafungua kompyuta aliyokuwa akiitumia kuandikia ripoti, akaandika: Mtu mmoja alishuka kwenye feri Mbita. Akajiuliza kuna nini ndani ya gunia. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limehama dirisha na chai ilikuwa imeshika utando.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuwa na mpango wa kuwa mwandishi, wala hakumwambia mtu. Aliandika kwa Kiswahili cha baba yake, kilekile alichosahihishiwa kwa kalamu nyekundu mezani nyumbani, na kilimjia kikamilifu kuliko Kiingereza cha hospitali. Na kulikuwa na raha moja ambayo hakuitazamia: katika maandishi alisikia. Mlango ukifunguliwa kwenye ukurasa, aliusikia. Watu wakinong'onezana chumba cha pili, aliwasikia neno kwa neno. Ilikuwa hadithi ya mauaji: daktari wa upasuaji aliyekutwa ameelea ziwani, dawa za usingizi zilizoibwa na kujazwa maji, na nesi mmoja aliyeanza kuuliza maswali. Ilipopita misimu miwili ya mvua, muswada ukakamilika. Akautuma kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi, akakaa kungoja kama wanavyongoja ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la nje.

Jibu likatoka kwa mhariri aliyeitwa Mwihaki. Lilikuwa la heshima.

"Daktari," Mwihaki aliandika, "nimesoma kurasa zote. Kila kitu ni sahihi: dawa, hospitali, ziwa. Kiswahili chako kinanipa wivu. Lakini sikuogopa hata mara moja. Kila nikianza kuogopa, unakuja kunishika mkono, unaniambia kila kitu kitakuwa sawa. Tafadhali usinishike mkono. Hii ni riwaya ya kusisimua. Niache peke yangu humo ndani."

Nekoye alikasirika. Kwa muda mrefu hakugusa ule muswada. Alijiambia kwamba msichana wa Nairobi anajua nini kuhusu hofu. Yeye ameiona hofu kila siku ya kazi, ameiona kwa watu wazima waliojikojolea njiani kutoka wodini. Na hapo hapo alijua kwamba Mwihaki amesema kweli. Maisha yake yote kazi ilikuwa kuiondoa hofu. Alijua kuituliza kwa maneno, kwa sindano, kwa mkono juu ya paji la uso. Namna ya kuiwasha hakuwa amefunzwa na mtu yeyote.

Basi alasiri moja, jua kali, ameketi mezani ameupa mlango mgongo, anajaribu kusahihisha sura ya tatu kwa mara nyingine, akaona kivuli kimelala juu ya karatasi zake. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa na mkono ulioshika kitu kirefu cha chuma.

Hakupiga kelele. Alichohisi kwanza ni ubaridi uliopanda kutoka kwenye nyayo, kisha moyo, ambao aliuhisi mwilini ukipiga kwa namna ambayo masikio yake hayakuweza kumwambia. Na jambo lililomtisha kuliko kivuli lilikuwa hili: hakujua kimekuwapo hapo tangu lini. Mtu yule angeweza kuwa amesimama nyuma yake dakika, au saa. Angeweza kuwa amezungumza. Angeweza kuwa ameshapita chumbani kwake, amegusa vitu vyake, amerudi, naye Nekoye yuko hapo anahamisha koma.

Akageuka.

Alikuwa Wakhisi, fundi wa mabomba, ambaye mwenye nyumba alimtuma kutengeneza tangi. Mkononi alikuwa na spana. Naye aliruka nyuma kumwona alivyo.

"Daktari! Pole! Nimepiga hodi mpaka nimechoka. Mlango ulikuwa wazi, nikadhani umeanguka huku ndani."

"Umeita?"

"Nimeita kwa nguvu. Hata mbwa wa huko nje amenijibu. Pole sana, Daktari. Keti. Nikuletee maji?"

Akamletea maji, akasimama mbali, ameshika spana nyuma ya mgongo kama mtu anayeficha kosa. Nekoye akanywa. Wakhisi alipokwisha kwenda kwenye tangi, Nekoye alifunga mlango kwa komeo, akageuza meza ikatazama mlango, akaketi, akafuta sura ya kwanza yote.

Yule nesi wa hadithi, aliyekuwa akisikia kila kitu, akamfanya asisikie. Akamweka peke yake kwenye wodi iliyofungwa, mchana, nuru ya jua imejaa sakafuni, na mlango nyuma yake unafunguka. Msomaji anauona mlango. Nesi hauoni. Nekoye aliandika na mikono yake ilikuwa bado ya baridi, na kila alipohisi kishawishi cha kuandika neno la faraja, aliondoa vidole kwenye kompyuta akavikalia, kama mtoto. Aliwaacha wasomaji peke yao. Ilimuuma kufanya hivyo. Ilikuwa kama kumwacha mgonjwa mezani na kutoka nje ya mlango.

Mwihaki alijibu mara hii kwa mstari mmoja: "Nimesoma hii nikiwa ofisini, watu wamenizunguka, na bado nimeinuka kwenda kufunga mlango."

Kitabu kikatoka, kikaitwa *Pumzi ya Kuazima*. Juu ya jalada waliandika Nekoye Wepukhulu, bila Daktari. Yeye mwenyewe aliomba hivyo. Siku ya kukizindua, katika ukumbi mdogo mjini, Jentrix alikuja na manesi wengine wamevaa vitenge, wakapiga vigelegele ambavyo Nekoye aliviona zaidi ya kuvisikia. Alikwenda Kibuye akampelekea Mzee Bildad nakala, na mzee akafunga duka mchana kweupe ili asome na kulitafuta gunia lake. Wengine walishangaa. Daktari mmoja waliyesoma pamoja alimwandikia, "Mtu asome miaka yote ile, halafu aje kuandika hadithi za wauaji?" Kahiga hakuja. Jentrix alisema alikuwa na upasuaji wa dharura. Inawezekana.

Nekoye alidhani kitabu kingemletea watu. Kilileta, kwa namna yake: watu aliokutana nao mara moja. Walimshika mkono, wakasema kitu, wakaenda. Nyumbani Dunga meza iliendelea kutazama mlango na mlango haukufunguka.

Ndipo chuo kikuu kule Bondo kikamwalika kuzungumza na wanafunzi wa Kiswahili. Ukumbi ulijaa, feni zinazunguka, madirisha wazi, na sauti zote zikamfikia zimechanganyika kama uji. Alisoma sura moja, wakapiga makofi. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasimama na kuuliza swali refu. Nekoye alidaka "ziwa" na "mwisho." Akajibu kuhusu ziwa, na kwa nini alilichagua liwe mwisho wa hadithi. Akaona nyuso zikigeukiana. Mtu akacheka, wengine wakamfuata. Mhadhiri aliyemwalika, mama wa makamo, aliinama akamwambia karibu na sikio: kijana alikuwa ameuliza kama kweli kuna dawa za kughushi hospitalini.

Nekoye angeweza kucheka nao, kama alivyocheka siku ya keki. Badala yake alisimama.

"Mimi sisikii vizuri," akasema. Ndiyo mara yake ya kwanza kulisema mbele za watu. "Nyinyi mnaongea, mimi naona midomo tu. Ndiyo sababu niliacha udaktari. Anayetaka kuniuliza, aje aandike ubaoni."

Ukumbi ukatulia; hata yeye aliutambua utulivu huo. Kisha wakaanza kuja mbele mmoja mmoja, wakachukua chaki. Waliandika maswali mazuri, mengine ya kuchekesha, naye akayajibu yote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa kwenye mazungumzo ambayo hakupoteza hata neno moja. Wa mwisho alikuwa binti mwembamba mwenye sweta. Aliandika kwa herufi ndogo, nadhifu: *Kwa nini hakuna mtu yeyote kwenye kitabu chako aliye na rafiki?*

Nekoye alilisoma. Akalisoma tena. Akachukua chaki, akairudisha. Mhadhiri, kwa wema, akatazama saa, akasema muda umekwisha.

Baada ya wiki chache Kahiga alikuja Dunga. Nekoye alimwona kupitia dirishani akishuka kwenye gari, ameacha injini inaunguruma. Mkewe, Shiro, alibaki ndani, akapunga mkono. Kahiga alikuwa amekonda. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Walisimama uani, na Nekoye akagundua kwamba ni nadra sana kuwahi kumwona bila barakoa mchana wa jua. Mdomo wake ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka.

"Tunahama," akasema, polepole, amemtazama usoni. Mtu alikuwa amemfundisha kusema na asiyesikia, au alikuwa amejifunza mwenyewe. "Tunarudi Nyeri. Mikono imeanza kutetemeka. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine."

"Lini?"

"Leo. Mizigo imeshatangulia."

Nekoye akatikisa kichwa. Alitafuta la kusema, akakuta "pole" na "safari njema," akayaacha yote mawili.

"Nimesoma kitabu," Kahiga akaendelea. "Yule daktari wa upasuaji uliyemtupa ziwani, hata kabla msomaji hajakaa vizuri. Ni mimi?"

"Wapi! Yule ni mrefu kuliko wewe."

"Anakula yai la kuchemsha kabla ya kila upasuaji na kutia maganda mfukoni."

Nekoye akajaribu kuzuia kicheko, kikamtoka. Kahiga naye akacheka, na kwa muda walikuwa tena kwenye kile chumba cha chai. Kisha akauliza, bila kucheka, "Kwa nini uliniua mapema hivyo?"

Shiro alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba. Upepo wa ziwa ulipeperusha kola ya shati la Kahiga.

"Nilitaka auawe mtu ambaye atakosekana," Nekoye akasema. "Kitabu kizima, kila wanapoingia chumbani, awe hayupo. Sikujua mwingine."

Midomo ya Kahiga haikusema kitu, hilo Nekoye alilihakikisha, kwa kuwa hakubandua macho. Mwishowe Kahiga alimpa mkono, akaushika wa Nekoye kwa mikono yake yote miwili, na kweli ilitetemeka. Akarudi garini. Gari likapita vibanda vya samaki, likakata kona.

Nekoye alirudi mezani. Mwihaki alikuwa anangoja kitabu cha pili, na katika hicho alikuwa ameamua kumpa mhusika wake rafiki. Siku nzima alijaribu. Alimleta rafiki mpaka mlangoni, akamketisha, akampa chai, na rafiki akakaa tu, hana la kusema. Nekoye hakujua marafiki wanaambiana nini. Alijua watu wanavyosema kabla ya kulala na wanavyosema wakiamka, na katikati hapo hakuwa na kitu.

Kesho yake asubuhi alifunga kompyuta akatoka nje. Jirani yake wa karibu alikuwa mama mmoja wa Kijaluo aitwaye Ajwang, aliyekaanga samaki kwenye kibanda cha bati kando ya njia iendayo majini. Nekoye alikuwa ameshanunua samaki aina ya ngege kwake mara nyingi, akalipa, akaenda. Siku hiyo alisimama.

"Mama Ajwang, naomba nikae hapa kidogo."

Ajwang alimtazama, kisu cha kuparulia magamba mkononi. Akasema kitu huku ameinama.

"Mimi sisikii vizuri," Nekoye akasema. "Ukiongea na mimi, tafadhali nigeukie."

Ajwang akageuka mwili mzima. "Husikii?"

"Kidogo sana."

"Wuoyi!" Ajwang akaweka kisu chini, akajipiga makofi magotini. Akawaita wenzake wawili wa kibanda cha pili kwa Dholuo, lugha yao, haraka haraka, kisha akamgeukia tena na kusema kwa kelele. "Mimi nakusalimia kila siku! Kila asubuhi ukipita, nakwambia habari, wewe unaenda tu. Sisi hapa tunasema, huyu daktari ana maringo. Kumbe ni masikio!"

"Ni masikio," Nekoye akasema.

"Leta hiyo kiti, mpeeni. Hapana hiyo, hiyo imevunjika."

Wakampa kibao cha kukalia. Wanawake walirudia kazi na mazungumzo yao, na mazungumzo yalikuwa Dholuo tupu. Dholuo ya Nekoye ilikuwa ya hospitalini: unaumwa wapi, vuta pumzi, usiogope. Katika kila maneno kumi alipata moja, na hilo moja pengine alilikosea. Walicheka, safari hii hakucheka nao, aliwatazama tu wakicheka, naye Ajwang akikumbuka alimgeukia na kumpigia kelele kipande cha habari, mtoto wa nani ameoa wapi, halafu akasahau tena. Mafuta yalichemka bila sauti. Maji ya ghuba yalikuwa yamefungwa na magugu, na korongo wawili walitembea juu yake kama watu waliopoteza funguo.

Alikaa hapo mpaka samaki wa asubuhi wakaisha. Kisha akashukuru, akarudi nyumbani, akafunga mlango kwa komeo. Hakuandika lolote siku hiyo. Kesho yake akaenda tena.